Vitufe vya Geti Ndani ya Gari: Ushauri kwa Wenye Magari wa Mtwara na Lindi

Magari yaliyotumika yanayotoka Japani, ambayo ndiyo mengi kwenye barabara zetu kuanzia Mtwara mjini hadi Lindi, kwa kawaida hayana vitufe vya kufungulia geti. Wanaovikuta ni wale walioagiza gari kutoka Uingereza, au waliopata gari la kifahari lililoundwa kwa ajili ya soko la Ulaya au Marekani. Vitufe hivyo huwa vitatu, vidogo, vimepangwa chini ya kioo cha kutazamia nyuma, kwenye dari karibu na taa ya ndani, au kwenye kikinga jua cha dereva, na mara nyingi vina alama ya kijumba. Mfumo unaojulikana zaidi huitwa HomeLink, ambao tangu mwaka 2013 unamilikiwa na kampuni ya Gentex ya Marekani, watengenezaji wa vile vioo vinavyojitia giza vyenyewe gari la nyuma linapowasha taa kali. Kazi yake ni kubeba nafasi ya rimoti ya geti, ili usiku wa mvua dereva aingie nyumbani bila kupapasa kidude kwenye droo ya gari wala kushuka.

Nimevitumia vitufe hivi nyumbani kwangu Shangani, Mtwara, na nimewasaidia majirani, pamoja na ndugu zangu wa Lindi, kuvifunga na kuvifundisha kufungua geti. Ninachotaka msomaji akishike kabla ya kugusa kitufe chochote ni kwamba kazi hii huanzia kwenye mota ya geti, si kwenye gari. Watu wengi hukaa ndani ya gari wakibonyeza na kusubiri, kisha wanahitimisha kuwa gari ni bovu, ilhali gari na mota havijawahi kuwa na lugha moja ya kuelewana.

Kwa hiyo chukua kwanza rimoti ya geti uliyonayo, uigeuze, usome maandishi yaliyo mgongoni au ndani ya kifuniko cha betri. Tafuta namba ya masafa ya redio. Rimoti nyingi za mageti tunazozitumia huku zimeandikwa 433.92, yaani megahezi. HomeLink ya magari ya Ulaya na Uingereza husikiliza na kutuma katika eneo hilo la 433, na pia katika eneo la 868. Ile ya magari ya Marekani iliundwa hasa kwa rimoti za huko, ambazo nyingi hutumia megahezi 300, 310, 315 au 390, ijapokuwa matoleo kadhaa hufika hadi 433. Namba zisipolingana kabisa, usipoteze muda wako wala mafuta ya gari. Nenda moja kwa moja kwenye suluhisho la risiva ya pili (risiva ni kifaa cha mota kinachopokea ishara ya rimoti) ambalo nitalieleza hapa chini.

Masafa yakilingana, bado lipo swali la pili, nalo ndilo linalowasumbua wengi zaidi: aina ya msimbo, yaani namba ya siri ambayo rimoti huituma kwa mota. Fungua rimoti. Ukikuta safu ya swichi ndogo nyeupe zinazosukumwa juu na chini kwa ncha ya kalamu, rimoti yako ina msimbo usiobadilika. Swichi zikiwa 12, michanganyiko yote inayowezekana ni 4,096 tu, na mwaka 2015 mtafiti wa usalama wa Marekani, Samy Kamkar, alionyesha kuwa kifaa alichokiunda kutokana na mtambo wa kuchezea watoto kinaweza kuipitia yote kwa muda usiofika sekunde 10. Geti la namna hiyo ni rahisi kulifundisha kwa gari, na ni rahisi vilevile kwa mwizi. Mwenye mota ya aina hiyo ninamshauri abadilishe risiva yake kwanza, kabla ya kufikiria habari ya vitufe vya kwenye gari.

Ukikuta hakuna swichi, bali kuna bodi yenye chipu na kitufe tu, basi huenda una msimbo unaobadilika. Baadhi ya mota za geti la reli, yaani linaloteleza kando, zilizopo Tanzania hutoka Afrika Kusini, na huko ndiko teknolojia maarufu ya msimbo huu, KeeLoq, ilikobuniwa na kampuni ya Nanoteq katika miaka ya 1980, kabla ya kuuzwa kwa Microchip Technology ya Marekani mwaka 1995. Kila unapobonyeza, rimoti hutuma ujumbe mpya uliotokana na hesabu inayosonga mbele, na risiva hukataa ujumbe wowote uliokwisha kutumika, kama vile vocha ya kukwangua inavyokataliwa ukiiingiza mara ya pili. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr cha Bochum, Ujerumani, walionyesha namna ya kuuvunja msimbo huo, lakini kwa geti la nyumbani bado ni kinga iliyo bora mbali sana kuliko swichi.

Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini zile rimoti za bei nafuu za kukopi, zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu, hufanya kazi kwa geti moja na kushindwa kwa jingine. Fundi mwaminifu atakujibu, "Kaka, hii haikopiki," na anasema kweli. Gari nalo haliwezi kukopi msimbo unaobadilika; linachofanya ni kutambua aina yake, kisha kujitambulisha kwenye mota kama rimoti mpya. Iwapo aina hiyo haimo katika kumbukumbu ya HomeLink, hakuna idadi ya majaribio itakayosaidia. Tovuti ya HomeLink ina sehemu ya kuchagua aina ya gari na aina ya mota, na dakika chache za kusoma hapo zinaweza kukuokolea mchana mzima juani.

Tuseme vyote vinalingana. Weka betri mpya kwenye rimoti, kwa sababu betri dhaifu hutuma ishara ambayo geti huisikia lakini gari hushindwa kujifunza kwayo. Egesha gari nje ya njia ya geti, na hakikisha hakuna mtoto, mbuzi wala bodaboda karibu, maana wakati wa kufundisha geti linaweza kufunguka na kufunga mara kadhaa bila kutarajiwa. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini. Ikiwa gari ni la mitumba, bonyeza vitufe viwili vya pembeni kwa pamoja na uvishikilie, kwa kawaida kati ya sekunde 10 na 20, hadi taa ndogo ianze kumetameta haraka. Kwa kufanya hivyo unafuta misimbo yote ya mwenye gari wa kwanza. Hatua hiyo hufanywa mara moja tu, mwanzoni. Ukiirudia baada ya kufundisha kitufe cha kwanza, utakifuta nacho.

Sasa shika rimoti kwa umbali wa sentimeta 3 hadi 8 kutoka kwenye vitufe vya gari. Bonyeza kitufe cha gari ulichokichagua pamoja na kitufe cha rimoti, na usiache. Taa itameta polepole kwanza, kisha haraka; kwenye matoleo mapya hutoka rangi ya chungwa na kuwa ya kijani. Rimoti nyingi hujizima zenyewe baada ya muda mfupi wa kutuma, na jambo hili huwaangusha watu wengi ambao wamefanya kila kitu kwa usahihi. Endelea kushikilia kitufe cha gari, lakini kile cha rimoti kiachie na ukibonyeze tena kila baada ya sekunde mbili hadi taa ibadilike.

Kisha jaribu kitufe cha gari peke yake. Taa ikiwaka bila kumeta, msimbo ni ule usiobadilika na kazi imekwisha. Ikimeta haraka kwa takribani sekunde mbili na baadaye ikatulia, msimbo ni unaobadilika na bado mota haijaitambua gari yako. Mtume mtu kwenye mota abonyeze kitufe cha kusajili rimoti mpya, ambacho huwa kwenye bodi chini ya kifuniko. Mota nyingi hutoa nafasi ya sekunde 30 tu. Ndani ya muda huo, bonyeza kitufe cha gari kwa sekunde mbili, uachie, na urudie hata mara ya tatu. Kazi hii inafanywa vizuri na watu wawili, mmoja kwenye gari na mwingine kwenye mota, wakisikilizana.

Kwa mageti yetu mengi, hata hivyo, njia iliyonipa utulivu ni risiva ya pili. Hiki ni kiboksi kidogo kinachouzwa kikiwa kinaelewana na HomeLink, na hufungwa kando ya mota bila kuondoa risiva ya awali, hivyo rimoti za zamani zinaendelea kufanya kazi. Huchukua umeme wa volti 12 au 24 kutoka kwenye mota yenyewe, na nyaya zake mbili za rilei (swichi yake ya ndani) huunganishwa pale pale panapounganishwa kitufe cha ukutani cha kufungulia geti. Kwa kuwa mota nyingi za reli huendeshwa na betri inayochajiwa na umeme wa TANESCO, umeme ukikatika kiboksi hiki kinaendelea kuwa hai pamoja na mota.

Kwa sisi wa pwani, adui wa kiboksi hicho ni hewa ya chumvi. Nyaya zilizoachwa uchi huanza kuota kutu ya kijani, kisha ishara inakuja na kupotea, na lawama zote hupewa gari. Paka grisi ya silikoni kwenye viunganishi, na uzibe tundu la waya kwa silikoni kabla ya mvua za Desemba, kwa sababu sisimizi na mijusi hupenda sana joto la bodi ya mota, na mjusi mmoja aliyelala juu ya sakiti anatosha kuiunguza.

Mwenye gari lisilo na vitufe anaweza kununua kioo cha ndani chenye HomeLink na kukifunga. Kioo chenyewe huhitaji waya wa umeme na waya wa hasi, unaopitishwa juu ya kitambaa cha dari na kushushwa kwenye nguzo ya mbele hadi kwenye boksi la fyuzi. Hapa ninasisitiza kwa moyo wote: gari lenye mifuko ya hewa ya pembeni linaweza kuwa na mfuko ndani ya nguzo hiyo, na waya lazima upite nyuma yake, kamwe usipite mbele. Fundi asiyeelewa hilo asiguse gari lako. Umeme uchukuliwe kwenye fyuzi inayowaka pale tu ufunguo unapowashwa, ili anayevunja kioo cha gari lililoegeshwa nje ya geti asiweze kubonyeza kitufe na kufungua geti lako kirahisi. Ukitaka kubandika tinti, chagua isiyo na metali, kwa kuwa tinti ya metali kwenye kioo cha mbele hupunguza umbali wa ishara. Taa za LED za bei ya chini zilizofungwa karibu na mota nazo huleta kelele ya redio; zizime kwanza kabla ya kulaumu risiva.

Vitabu vya magari yenye HomeLink huonya kwamba mfumo huo usitumike na mlango usioweza kusimama na kurudi nyuma unapogusa kitu, na hutaja milango ya Marekani iliyotengenezwa kabla ya tarehe 1 Aprili 1982. Nchini humo, tangu mwaka 1993, mota mpya za gereji za nyumbani zinatakiwa pia kuwa na njia ya ziada ya kutambua kitu kilicho njiani, ambayo kwa kawaida ni macho ya mwanga. Huku kwetu geti hufungwa bila macho hayo ili kupunguza gharama, na kitufe cha kwenye gari humruhusu dereva kulifunga akiwa ameshafika barabarani, haoni kilichopo nyuma yake. Nunua jozi ya macho hayo, uyafunge kwa urefu wa goti la mtoto, na ndipo umkabidhi mtu mwingine wa nyumbani gari hilo.

Siku ya kuuza gari, futa vitufe kwa ile njia ya kushikilia viwili vya pembeni, kwa sababu kuondoa betri ya gari hakufuti kumbukumbu ya HomeLink. Kisha nenda kwenye mota uifute sehemu ya gari hilo kwenye orodha ya rimoti, na kama mota yako haiwezi kufuta rimoti moja moja, futa zote na uzisajili upya zile zilizobaki nyumbani.