Shangazi, mume wangu hataki nijengwe titi lingine

"Shangazi, nina miaka 41, mama wa watoto watatu, naishi Njoro. Mwaka jana nilikatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Kemo nilimaliza, na mionzi imeisha miezi mitatu iliyopita. Sasa nataka nijengwe titi lingine nirudi nilivyokuwa. Mume wangu kazi yake ni kusema tungoje. Tangu nitoke hospitali analala kwa kochi sebuleni. Mama yake naye amehamia kwetu, ananipekua kila saa na kusema Mungu amenipa uhai, titi la nini? Rafiki yangu wa chama ameniambia mwanamume akihamia sebuleni ujue kuna mwanamke nje. Nifanyeje? – Aliyesahaulika."

Pole, mwanangu. Ugonjwa huo umeangusha wengi, na wewe bado una nguvu za kulalamika. Mungu ashukuriwe. Pole imeisha, sasa tuongee.

Barua yako ilikuwa ndefu kuliko kipande nilichokitoa hapo juu, na huko ndani ndiko nilikomkuta mumeo. Ni wewe uliyeandika kwamba aliuza ng'ombe wa gredi, tena yule wa pekee. Ni wewe uliyeandika kwamba siku za mionzi alikuwa anafunga agrovet yake asubuhi ili akupeleke. Na ulipotoka hospitali na zile chupa za kutoa majimaji zikining'inia ubavuni, ni yeye aliyekuwa akizimwaga na kuandika kipimo kwenye daftari la duka, katikati ya wadeni wa dawa ya kupe. Mwanamume mwenye mwanamke nje haandiki mililita.

Sasa hilo kochi. Umelipita mbio mbio, lakini Shangazi ana miwani. "Nilimwambia asinisogelee, mshono unauma." Akahama. Ulimwita lini arudi? Nimetafuta barua nzima sijaona. Nilichoona ni kwamba unavalia bafuni umefunga komeo, na taa unaizima kabla hajaingia kuchukua blanketi. Mwaka mzima mumeo hajaona kifua chako, halafu unasema anakichukia. Wazee walisema mficha uchi hazai. Wewe umemficha daktari wako wa nyumbani kidonda, ukaenda kukionyesha kwenye chama.

Mama mkwe je? Kupekua kwenyewe ni kuhesabu vidonge vyako asubuhi na kumkemea kitinda mimba asikurukie kifuani. Mdomo wake una pilipili, sikatai, na hilo la "titi la nini" hakupaswa kulisema, maana titi si lake. Lakini ameacha kuku wake na shamba lake akaja kukupikia uji. Wako wake wanaougua peke yao na mama mkwe anapiga simu tu kuuliza kama mahindi yamevunwa.

Ndoa za siku hizi zinanishangaza. Mtu analala ukuta mmoja na mumewe, ila hali ya ndoa yake anaisoma kwenye simu, kwa mwanamke aliyeachika mara mbili na sasa anatoa masomo. Zamani tulikosana usiku na asubuhi tukaulizana, "Jana ulimaanisha nini?" Leo watu wanapiga picha ya kochi tupu na kuitumia kundi zima lijadili. Haya, turudi kwa titi.

Mumeo hakusema hapana, alisema tungoje. Mwanangu, hata daktari wa upasuaji wa plastiki atakwambia hivyo. Ngozi iliyopigwa mionzi hukakamaa na kupona polepole, ndiyo maana kwa kawaida madaktari hutaka ipumzike miezi 6 hadi mwaka kabla ya kuijengea. Wewe una mitatu. Nahisi siku daktari alipoeleza hayo mmoja wenu alikuwa akisikiliza, na si wewe.

Njia ni mbili kubwa. Ya kwanza ni kipandikizi cha silikoni. Mara nyingi huanza na mfuko mtupu chini ya ngozi au msuli, unaojazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa hadi ngozi itanuke, kisha unarudi thieta kuwekewa chenyewe. Kwa mtu aliyepigwa mionzi, njia hii ina shida zaidi: kovu hukizunguka na kukibana hadi titi liwe gumu na liume. Tena hakidumu maisha, huenda ukahitaji kukibadilisha miaka ijayo. Njia ya pili ni kutumia nyama yako mwenyewe, ya tumbo au ya mgongo. Mara nyingi ndiyo inayopendekezwa baada ya mionzi, lakini ndiyo kazi kubwa. Ile ya tumbo yaweza kuchukua saa 8 au zaidi, mishipa ya damu ikiunganishwa chini ya darubini, na usiku huo wauguzi hukuamsha mara kwa mara kuangalia kama titi lina joto. Damu ikiganda, unarudishwa thieta. Utabaki na kovu kifuani na lingine refu chini ya kitovu. Kisha wiki 6 hadi 8 za kutobeba mtungi, kutofua, kutoinua mtoto. Na nani atapika? Nakukumbusha yuko jikoni kwako sasa hivi.

Hilo neno lako la kurudi ulivyokuwa, lifute. Titi jipya hujaza sidiria na hupendeza ndani ya blauzi, lakini hisia za zamani hazirudi zote, wengine hubaki na ganzi. Chuchu hutengenezwa baadaye au huchorwa kwa tatuu. Huenda titi la kulia nalo likapunguzwa au kuinuliwa ili yalingane. Halirudishi ile saratani, hilo usitishwe nalo, ila kliniki za ukaguzi zinaendelea vilevile.

Hakuna mlango unaofungwa. Wanawake hujengwa hata miaka mingi baada ya kukatwa. Wengine huvaa titi la bandia ndani ya sidiria, wengine hukaa bapa na hawamwombi mtu ruhusa. Ukilitaka kwa ajili yako, mimi niko upande wako, na mama mkwe nitamjibu mwenyewe. Ukilitaka ili mtu atoke kwenye kochi, hiyo ni operesheni ya saa 8 kwa kazi ya sentensi moja.

Kwa hiyo usiku huu usizime taa. Kliniki ijayo nenda naye, aje na daftari lake. Ulizeni kama sukari na uzito wako vinaruhusu, njia gani inafaa ngozi yako, ni daktari yupi mtapewa rufaa kwake, Eldoret, Kisumu au Nairobi, na SHA, bima ya afya ya serikali, italipa nini. Hilo la mwisho mlipate kwa maandishi.

Na ile ploti ya Rongai uliyoitaja kwa mistari miwili, kwamba umeshapata mnunuzi ambaye pesa zake zitakulipia safari ya India ukajengwe titi "na yeye atajua baadaye". Mliinunua pamoja mkiwa ndani ya ndoa, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 haikuruhusu kuiuza bila ridhaa ya mumeo. Mpigie huyo mnunuzi leo umwambie haiuzwi.