Swali la lugha: diski huongezwa ujazo, uwezo au nafasi?

SWALI: Ninaandaa mwongozo wa kuhifadhi nyaraka kwenye diski. Niliandika "kuongeza ujazo wa diski". Mhariri akabadilisha kuwa "uwezo", mwenzangu naye anang'ang'ania "nafasi". Tena, sentensi yangu "DVD ya pande mbili hubeba GB 8.5" imewekewa alama nyekundu. Kosa liko wapi?

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi mara zote mbili.

Ujazo, kama tulivyofundishwa kwenye hisabati, ni kiasi cha mahali ambacho umbo linachukua. CD, DVD na Blu-ray za kawaida zote zina kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2. Ujazo wao haujabadilika hata kidogo, ilhali data imepanda kutoka MB 700 hadi GB 4.7, kisha GB 25. Andika basi "uwezo wa kuhifadhi", usiache "uwezo" peke yake, maana msomaji anaweza kudhani unasema kasi ya kuchoma diski (yaani kuandika data juu yake).

Nafasi ni ile iliyo tupu kwa sasa. Ukifuta DVD-RW (DVD inayoweza kufutwa na kuandikwa upya) umeongeza nafasi, lakini uwezo ni uleule. Kwa mtumiaji, "ongeza uwezo wa diski yako" ni agizo lisilotekelezeka. Mwambie achague diski yenye uwezo mkubwa zaidi.

Kilichoongezwa hasa na wahandisi ni msongamano, yaani wingi wa data katika eneo lilelile, na neno hili halimo kabisa kwenye maelezo yako. Leza ya CD ina urefu wa wimbi wa nanomita 780, ya DVD 650, ya Blu-ray 405. Wimbi likiwa fupi na lenzi ikikusanya mwanga kwa pembe pana zaidi, nukta ya mwanga husinyaa, na mistari ya data inaweza kubanana: mikromita 1.6 kati ya mstari na mstari kwenye CD, 0.74 kwenye DVD, 0.32 kwenye Blu-ray. Sema "msongamano wa data umeongezeka", kwa kuwa eneo la diski halikuongezeka.

Sasa alama nyekundu. Umechanganya upande na tabaka, yaani safu ya data iliyo ndani ya upande. GB 8.5 ni za DVD ya upande mmoja yenye matabaka mawili: leza hubadilisha mahali inapolenga, diski haigeuzwi. Ya pande mbili, kila upande tabaka moja, hubeba GB 9.4, nayo lazima uigeuze kwa mkono (na haina mahali pa kubandika lebo). Kwa nini matabaka mawili hayafikii 9.4? Mwanga unaotafuta tabaka la ndani hupenya la kwanza, na mawimbi ya matabaka hayo huingiliana. Ili kisomaji kisikosee, kishimo kifupi kabisa (data huandikwa kama vishimo vidogo) kilirefushwa kutoka mikromita 0.40 hadi 0.44, hivyo kila tabaka likapoteza sehemu ya uwezo wake. Angalia pia upatanisho: tabaka la kwanza, matabaka mawili, si "tabaka mbili".

Kwa BDXL, aina ya Blu-ray yenye uwezo mkubwa zaidi, matabaka matatu hutoa GB 100 na manne GB 128, lakini taja wazi kwamba kifaa cha kawaida cha Blu-ray hakizichomi. Wanunuzi wengi hugundua hilo wakishafungua pakiti.

Jambo moja zaidi, la tarakimu. GB 4.7 za kiwandani ni baiti bilioni 4.7. Windows hugawa kwa 1,073,741,824, ikaonyesha kama 4.38. Msomaji mwenye folda inayoonekana kuwa GB 4.5 ataona inatosha, na programu itamkatalia. Kwa hiyo sentensi yako iwe: "DVD ya upande mmoja yenye tabaka moja ina uwezo wa kuhifadhi wa GB 4.7, kwenye Windows, folda yako isizidi 4.3."