Mwanangu anataka kuongea na jogoo kwenye simu

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi niko Kimara, tuna kuku wa kienyeji uani, matetea na jogoo mmoja, sema jogoo tulimchinja Idi. Mwanangu wa miaka minne alikuwa anampenda yule jogoo balaa, na alipomuulizia baba yake akamwambia kaenda Morogoro kwa babu. Basi imekuwa kesi, babu akipiga simu tu anataka aongee na jogoo, halafu dada yake wa miaka saba kaja kuharibu kabisa, kamwambia "si ulimla na pilau wewe". Toka hapo nyama ya kuku hagusi, na mayai kagoma eti ndani kuna mtoto. Tumwambieje? Na siku tukichinja tena tumfiche? Mama Wawili.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo safari ya Morogoro baba yake aifute leo leo, maana aliyesafiri hurudi, na mtoto anamsubiri kweli. Kwenye miaka minne wengi bado hawajajua kwamba kufa ndo basi tena, hilo huja polepole, wengi wanalishika kati ya miaka mitano na saba, ndo maana dada mtu kalitamka kirahisi tu na mdogo kabaki na mawazo. Mwambie kwa kifupi: tulimchinja, amekufa, hapumui, haumwi, harudi, na nyama yake tulikula. Atauliza tena kesho na keshokutwa, jibu ni lile lile. Ila usimwambie amelala, utakesha naye huyo akiogopa kulala.

Na kulisha kuku msimkataze. Mwaka 1990 mtafiti Mjapani Kayoko Inagaki alilinganisha watoto wa chekechea waliofuga samaki nyumbani na wasiofuga, wafugaji wakawa wanajua zaidi hata mambo ya ndani ya samaki yasiyoonekana, na wakiulizwa habari za chura ambaye hawajamfuga wanakisia kutokana na samaki wao. Sasa wako anaona tetea anakula, anaatamia, anaumwa, mnataka afundishwe na katuni? Sabuni tu isikosekane, na asibusu vifaranga, kuku anayeonekana mzima anaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, na walio chini ya miaka mitano inawapiga vibaya.

Kuchinja msimfiche, wala msimshike kwa nguvu atazame (wapo wanaume wanadhani hivyo ndo kukomaza mtoto, mi sikubali). Mwambieni mapema yupi wa kufuga na yupi wa sikukuu, akitaka kukaa ndani akae.

La mayai mtoto kawaza vizuri tu, amekosea kidogo. Tetea anataga hata bila jogoo, na yai hilo hata liatamiwe mwezi mzima halitoi kitu. Lenye mbegu nalo lazima lipate joto kama siku 21. Ila wewe ujue, tetea anatunza mbegu za jogoo mwilini, kwahiyo hata wiki mbili baada ya ile Idi mayai yalikuwa bado yanaweza kuanguliwa, ila yakiokotwa siku hiyo hiyo hamna kifaranga humo. Mpe bakuli avunje mwenyewe, atafute huyo mtoto, akimkosa mkaangie hilo hilo. Asipokula leo muache, atakula akiona dada yake anamaliza.