Usirudishe volumu nzima kwa ajili ya folda moja

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo kitengo cha kompyuta kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, Kurasini. Barua pepe zetu zinaendeshwa na Postfix (inayopokea na kutuma) na Dovecot (inayowafungulia watu masanduku yao) kwa mtindo wa Maildir, na mafaili yanakaa kwenye NAS, yaani mashine ya kuhifadhi mafaili ya mtandaoni, ya TrueNAS, seva ikiyafikia kupitia NFS. Bakapu ni rsync, programu ya kunakili mafaili, ya usiku, lakini siku hizi asubuhi inaikuta bado inakimbia. Ijumaa dada wa nyaraka alifuta folda ya barua za mawakala wa meli. Aliyetuuzia NAS anasema nibonyeze Rollback nirudi kwenye snapshoti (hali ya data ilivyokuwa wakati fulani) ya Alhamisi, na kwamba snapshoti zinatosha, rsync niizime. Nimfuate?
Kijana wa Kurasini

JIBU: Marahaba kijana wangu. Kwanza toa mkono kwenye hicho kitufe.

Ukirudi Alhamisi, folda ya dada utaipata, ila kila barua iliyoingia tangu siku hiyo, kwenye sanduku la mtu yeyote hapo ofisini, imekwenda. Tena ZFS, mfumo wa mafaili unaotumiwa na TrueNAS, haikubali kurudi kwenye snapshoti ya nyuma mpaka ifute zote zilizopigwa baada yake, kwa hiyo ukigundua umekosea huna pa kukimbilia. Ni dereva wa daladala anayegeuza gari zima lirudi Mbagala kwa sababu abiria mmoja kasahau mwavuli.

Maildir imekurahisishia kazi, maana kila barua ni faili lake. Ingia kwenye NAS yenyewe, chini ya dataseti (sehemu ya hifadhi) ya barua, ufungue folda iliyofichwa iitwayo .zfs/snapshot. Humo kila snapshoti inasomeka kama folda ya kawaida, ila haiandikiki. Chukua ile ya mwisho kabla dada hajafuta. Kama mnapiga kila saa, ya Ijumaa hiyo hiyo ipo, Alhamisi ya nini? Nakili folda yake peke yake, uiweke kwenye sanduku lake kwa jina jipya, tuseme .Zilizorudi. Mafaili yanayoanza na dovecot.index usiyabebe, Dovecot itayajenga upya. Halafu rekebisha umiliki. Wengi hukwama hapo: mafaili yapo, ila ni mali ya root, yaani msimamizi mkuu, na dada haoni kitu. Malizia na amri ya doveadm force-resync, ili Dovecot iikague folda upya. Wenzake hata hawatajua kulikuwa na jambo.

Usiogope kupiga snapshoti barua zikiwa zinaingia. Maildir huandika barua kwenye tmp, na ikikamilika ndipo huihamishia new. Snapshoti itaikuta kwenye new ikiwa nzima, au haitaikuta huko kabisa.

Sasa hilo la "zinatosha". Muuzaji wako ama hajui, ama anataka kufunga biashara. Snapshoti hainakili kitu. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani, huandika pembeni, na snapshoti ni agizo tu kwamba vipande vya zamani visifutwe. Ndiyo maana inapigwa kufumba na kufumbua, na ndiyo maana umeme ukirudi kwa kishindo ukaunguza diski, snapshoti zote zinaungua nazo. Mwenye nywila ya msimamizi naye anazifuta zote kwa amri moja.

Kuhusu kuizima rsync, hapo nipo upande wa muuzaji, ila usiizime kabla mbadala haujafanya kazi. Rsync lazima ikague mafaili yote, moja moja, hata yasiyobadilika, na Maildir ya kampuni ina mafaili mengi mno. Tumia amri ya zfs send: yenyewe inajua vipande gani vimebadilika tangu snapshoti iliyopita, inapeleka hivyo tu. Tafuta mashine ya pili, hata ya bei ya chini. Nakala ya kwanza ifanyie hapo Kurasini kwa waya, kisha mashine ipakiwe kwenye gari iende tawi jingine. Intaneti za ofisi zetu tunazijua. Na hiyo ya pili ndiyo ivute data kutoka kwa ya kwanza, ili anayeiba nywila ya Kurasini asiwe na njia ya kuifikia.

Kuna vitu havipo kwenye NAS: foleni ya Postfix, mipangilio iliyo kwenye /etc, na funguo za DKIM, zinazotia saini barua zinazotoka. Hivyo vipo kwenye diski ya seva, na snapshoti yako haivigusi. Vinakili pia.

Bosi akilalamika kwamba watu wamefuta barua na nafasi haijaongezeka, mwambie itaongezeka snapshoti zinazozishikilia zikifutwa. Mimi huweka za kila saa kwa siku 2, na za kila siku kwa mwezi.

SWALI: Sisi tupo Ilala, tunatumia Zimbra kuendesha barua pepe. Tunaweza kuchomoa folda hivyo hivyo?

JIBU: Hapana. Kwenye Zimbra barua ni faili, lakini habari ya kwamba ni ya nani na ipo folda gani inakaa kwenye hifadhidata ya MariaDB, na akaunti zipo kwenye LDAP, orodha ya watumiaji. Vyote lazima vikamatwe kwa wakati mmoja. Ni salama zaidi kusimamisha huduma kidogo usiku kwa zmcontrol stop, upige snapshoti, uiwashe tena. Ukitaka sanduku la mtu mmoja, fanya kloni ya snapshoti (nakala inayoandikika), uiendeshe kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya nyingine), utoe sanduku hilo kwa zmmailbox kama faili la tgz, uliingize kwenye seva hai. Hiyo mashine pepe itenge na mtandao kabla ya kuiwasha, la sivyo itaanza kutuma upya barua zilizokuwa kwenye foleni siku ile.