Barua kwa binti yangu: ile 10,800 ya usiku

Mafinga

Kamwene mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema wewe na mwenzako mliajiriwa siku moja kuwa wahudumu wa wodi hapo Mbeya, mkataba mmoja, mshahara mmoja wa 390,000, lakini mwisho wa mwezi yeye kakuzidi 10,800. Unauliza kama umepunjwa, na kama nawe uombe kuhamia usiku.

Hujapunjwa, mama. Mwenzako alikesha zamu 12, wewe ulikuwa mchana mwezi mzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kila saa ya kazi iliyo humo, mwajiri anaongeza angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo.

Shika kalamu tupige hesabu. 390,000 gawanya kwa 4.333, ndivyo sheria inavyogawa mwezi kuwa wiki, unapata kama 90,000. Gawanya tena kwa saa 45 za wiki: 2,000 kwa saa. Asilimia 5 yake ni shilingi 100. Mnaingia saa mbili usiku, mnatoka saa moja asubuhi. Toa saa moja ya mapumziko, zinabaki saa tisa za usiku, yaani 900 kwa zamu. Mara 12 ndiyo hiyo 10,800.

Lakini kuna kitu kimeninyima usingizi hapo. Ile saa ya mwisho, kumi na mbili hadi moja asubuhi, si usiku tena, ila ni saa ya kumi ya kazi, na kawaida ya siku ni tisa. Hiyo ni saa ya ziada, inalipwa mara moja na nusu: 3,000. Kwa zamu 12 ni 36,000, na katika malipo ya mwenzako siioni! Huenda mlisaini makubaliano ya kufanya saa nyingi kwa siku chache za wiki. Hayo sheria inayaruhusu. Someni mkataba wenu pamoja, taratibu, kabla hamjaenda kwa mhasibu.

Sikukuu nayo ni habari nyingine. Ukiwa wodini siku ya Nane Nane, watu wakimiminika viwanja vya John Mwakangale, kila saa yako inalipwa mara mbili.

Unajua nilivyokesha kiwanda cha chai huku Mufindi. Majani yaliyochumwa leo hayangoji kesho, usiku kucha yananyaushwa. Mwezi mmoja karani alinilipa usiku 9 badala ya 14. Nikampelekea daftari langu: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la msimamizi wa zamu. Akafungua kitabu cha getini, akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka akazikuta zote 14. Nikalipwa. Rafiki yangu aliyekesha nami usiku uleule alidai kwa mdomo. Karani akamuuliza tarehe, hakuweza kutaja hata moja. Alirudi nyumbani bila kitu, na watoto wake walikuwa wanasubiri ada. Bado naumia nikimkumbuka.

Kuomba usiku kwa ajili ya 900, mimi sikushauri. Ukikosa daladala jioni moja ukapanda bodaboda, imekwisha. Ukipangiwa, fanya kwa moyo wako wote, maana mgonjwa wa saa tisa usiku ana hofu kuliko wa mchana, na hana mwingine wa kumwita. Wakikupunja na mazungumzo yakashindikana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko ya malipo ndani ya siku 60. Usikae nayo moyoni miezi.

Kesho napeleka mzigo wako kwenye basi la asubuhi. Daftari liko chini kabisa, kurasa tano za kwanza nimekuchorea mistari. Juu mama yako ameweka maparachichi. Yale yaliyofungwa kwenye gazeti yameiva, anza na hayo.

Baba yako