M3, C63 au S4: ipi ya kuishi nayo Dodoma?

Hizi ni sedani za kasi: BMW M3, Mercedes C63 na Audi S4. Alama kama E90, W204 na B8 hutaja kizazi cha gari. Tuanze na hewa, maana wauzaji hawaigusi. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kila unapopanda mita 100. BMW M3 ya E90, ile ya V8 (silinda nane kwenye safu mbili) ya lita 4.0 yenye nguvu za farasi 420, ikifika hapa inabaki na 375 hivi. Mercedes C63 AMG ya W204, V8 ya lita 6.2, inashuka kutoka 457 hadi 405 au zaidi kidogo. Zenye turbo, yaani M3 ya F80 (farasi 431) na C63 ya W205 (476, au 510 kwa C63 S), haziumii hivyo, kwa sababu turbo hufidia wepesi wa hewa. Kwa hiyo ukisimuliwa nani alimwacha nani Dar, sikiliza tu. Huku Mtumba hesabu ni nyingine.

Ila farasi wanatosha kwenye zote. Kinachowaumiza watu ni kwamba karibu kila moja ya hizi ina ugonjwa wake mkubwa unaojulikana dunia nzima, nao unapaswa kuuchagua kabla hujachagua rangi.

M3 ya E90 (2008 hadi 2011) inakula beringi za konirodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krenki, mhimili mkuu wa injini. Nafasi kati ya beringi na krenki ni finyu, oili yake ni nzito, 10W-60, na injini inazunguka mpaka mizunguko 8,300 kwa dakika. Mtu akiichapa asubuhi ikiwa baridi, oili haijapenya vizuri na beringi zinalika. Hakuna taa itakayokuonya. Siku ukisikia mlio wa kugonga kutoka chini, krenki imeshaumia. Beringi zinabadilishwa kwa kushusha fremu ya mbele na sampu (bakuli la oili chini ya injini), injini ikibaki mahali pake, na ni kazi ya fundi mwenye torki renchi anayejua kuitumia. Muuzaji akisema zilishabadilishwa, aonyeshe risiti ya vipuri na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Asipokuwa nayo, toa gharama hiyo kwenye bei. Ugonjwa wa pili ni mota mbili za kufungua throto (milango ya hewa ya injini), ambazo gia zake za plastiki huisha: taa ya injini inawaka na gari linakosa nguvu ghafla, mara nyingi ukiwa unaovateki. Kwenye dashibodi, taa za onyo kwenye saa ya mizunguko husogea kadiri oili inavyopata moto. Zifuate. Oili yenyewe ni lita 8.8 kila sevisi, na usikubali kuwekewa 5W-30 ya Toyota kwa sababu ndiyo iliyopo dukani.

F80 (2014 hadi 2018) ina silinda sita, lita 3.0, turbo mbili. Gia inayoendesha mnyororo wa taimingi (unaopangia valvu muda wa kufunguka) imebanwa kwenye krenki kwa boliti moja, bila kitu cha kuizuia isiteleze. Ikiteleza, taimingi inahama na valvu zinaweza kugonga pistoni. Zilizo katika hali ya kiwandani huteleza kwa nadra. Zilizoongezewa nguvu kwa programu ndizo za kuogopa, na Japani na Uingereza zimejaa. Cha pili ni kipoza hewa ya turbo kilichokaa juu ya injini, kinachopozwa kwa maji. Kikipasuka, maji yanaingia kwenye njia ya hewa, na ukiwasha gari asubuhi silinda ikiwa na maji, konirodi inapinda. Dalili yake: kulanti (maji ya kupoza injini) inapungua na huoni tone chini.

C63 ya W204 ndiyo yenye sauti, hilo halibishaniwi. Lakini injini za kabla ya 2011 zilifungwa boliti za silinda hedi ambazo huoza na kukatika, kulanti ikaingia kwenye silinda. Namba ya injini ndiyo inayoamua, wala si mwaka wa kusajiliwa, kwa hiyo mpe fundi wa Mercedes namba hiyo aiangalie. Kisha kuna kamshafti, mhimili unaofungua valvu, na tapeti zinazosukumwa nao: injini ikishapata moto, fungua boneti usikilize. Mlio wa tik-tik unaofuata mzunguko ni tapeti zimelika na kamshafti iko njiani. Ukifungua juu kwa ajili ya kimoja, maliza vyote. Kufungua mara mbili ni kumnenepesha fundi.

W205 (2015 hadi 2021) haina ugonjwa mmoja wa kutisha kama wenzake. Hiyo inakula hela polepole: diski, tairi za nyuma, mauntingi (raba zinazoshika injini). Turbo zake ziko katikati ya V, joto ni kali, kwa hiyo ukitoka kukimbia usizime papo hapo. Iliyoifuata, yenye silinda nne na umeme, farasi 680, achana nayo mpaka apatikane fundi wa betri za volti kubwa karibu nawe.

Audi wengi wanaisahau, na kwa Dodoma wanakosea. RS4, kaka wa S4 mwenye nguvu zaidi, ya sedani ni ile ya B7 tu (2006 hadi 2008), maana RS4 zilizofuata ni za mgongo mrefu (stesheni wagoni). Valvu zake zinajaa kaboni, shokapu zake zilizounganishwa kwa mabomba ya oili huvuja, na mnyororo wa taimingi uko nyuma ya injini, upande wa gia boksi. Ni gari la mtu mwenye gereji yake. S4 ya B8 ni habari tofauti: V6 ya lita 3.0 yenye supachaja, farasi 333, magurudumu manne yote yanavuta. Kagua pampu ya maji na thamostati, uliza kama oili ya gia boksi ya S tronic ilibadilishwa kila kilomita 60,000, kisha endesha polepole kwenye foleni. Ikishtuka gia ya kwanza kwenda ya pili, bodi ya umeme ya gia boksi inaumwa.

Sasa barabara. M3 ina kama sentimita 12 tu kutoka chini. Matuta ya Kibaigwa na Gairo inayapita ukiyaendea kwa mshazari, gurudumu moja moja. Tatizo ni kilomita ya mwisho, kutoka lami hadi nyumbani: Iyumbu, Nala na mitaa mingi mipya bado ni changarawe na makorongo ya mvua. Ile plastiki ya chini ya injini usimruhusu fundi aitupe kwa sababu "inasumbua kufungua". Ndiyo inayokinga sampu na mawe.

Mvua ya kwanza, Novemba au Desemba, ndipo kiburi kinapokwisha. Vumbi la miezi sita likilowa juu ya lami linakuwa utelezi, na F80 ina torki ya Nm 550 kuanzia mizunguko 1,850, yote magurudumu ya nyuma. Siku hiyo S4 inaondoka taa za barabarani bila kelele na M3 inacheza mkia.

Tairi: hakuna spea. M3 na C63 huja na chupa ya gundi na pampu ndogo, na gundi haizibi tairi lililochanika ubavuni. Nunua gari lenye rimu za inchi 18 ukiweza. E90 hubeba 245/40 mbele na 265/40 nyuma, F80 hubeba 255/40 na 275/40. Za nyuma agiza Dar mapema, ziwe mbili stoo. Kwenye buti weka vifaa vya kuziba pancha na pampu ya maana.

Kwenye petroli, soma kibandiko ndani ya kifuniko cha tangi. E90 inapendekezewa oktani 98, na 95 ndiyo ya chini. Ikipata pungufu, injini inajirudisha nyuma kwenye muwako ili isigonge, nawe unapoteza nguvu juu ya zile ambazo mwinuko umeshachukua. Dodoma hadi Dar ni kama kilomita 450. E90 ikila lita 13 kwa kilomita 100, hiyo ni lita 58 na nusu kwenye tangi la 63. Inafika, ila jaza Morogoro. Na punguza vijijini, tochi haijali nembo: ni 50 na faini ni shilingi 30,000.

Vumbi linataka filta ya hewa ibadilishwe nusu ya muda wa kitabu. F80 na C63 zina mbili, na mafundi wengi hubadilisha moja. Angalia pia rejeta ndogo za mbele, pale nyasi na wadudu hujaza mapezi.

Ukiagiza Japani, alama R kwenye karatasi ya mnada ni gari lililogongwa likatengenezwa. AMG nyingi za huko zina usukani wa kushoto, ziache. Ushuru piga kwa kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hela: forodha asilimia 25, bidhaa 10 kwa injini inayozidi lita 2.0, VAT 18, na asilimia 30 ya uchakavu likizidi miaka 10. Viwango hubadilika kwenye bajeti ya Juni, na TRA wanatumia thamani yao, si ankara yako.

Gari likifika, la kwanza ni oili na filta. Filta ya nyingi za hizi ni ya karatasi, kwa hiyo ikate, ikunjue juani juu ya gazeti, isuuze kwa petroli kidogo, kisha pitisha sumaku. Chembe zinazonata ni chuma. Zinazong'aa na kukataa sumaku, rangi ya shaba au fedha, zinatoka kwenye beringi. Ukiziona kwenye E90, gari lisiwashwe tena mpaka sampu ishuke. Kisha lipimwe kwa kompyuta yake: ISTA kwa BMW, Xentry kwa Mercedes, VCDS kwa Audi. Skana ya kawaida itasoma nusu.

Chaguo langu kwa anayeishi hapa na kwenda Dar mara kwa mara: F80 ya 2016 kuendelea, isiyoguswa programu, na kipoza hewa kibadilishwe kabla hakijapasuka. Mwenye familia na kiwanja cha changarawe achukue S4. W204 ni ya anayependa sauti na ana karatasi za boliti mkononi. E90 isiyo na risiti ya beringi, hata ikiuzwa bei ya kutupa, iache ilipo. Na F80 ikiwa na kalipa (vibanio vya breki) za rangi ya dhahabu badala ya bluu, ujue diski ni za seramiki: uliza bei ya seti moja kabla hujalipia gari.