Re: Ripoti ya CRB bila kulipa

Habari ndugu. Umesema jamaa wa saiba hapo River Road anataka shilingi 1,500 akutolee ripoti ya CRB, yaani kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu. Usimpe, tafadhali. Kisheria una haki ya ripoti moja bure kila mwaka kutoka kwa kila CRB. CRB zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Omba mwenyewe kwa namba ya kitambulisho, na uombe kote, maana deni laweza kuonekana kwa moja na lisionekane kwa nyingine. Angalia pia usibonyeze cheti cha klirensi (cha kuthibitisha huna deni baya), hicho ni kitu tofauti.

Ripoti ikifika, anza na jina na kitambulisho, kisha akaunti moja moja: mkopeshaji, salio, siku za kuchelewa. Yangu ilionyesha mkopo wa simu nilioumaliza bado una salio la 340. Tangu kanuni za 2020, deni lisilofika 1,000 halipaswi kukuchafulia jina. Niliwaandikia mkopeshaji na CRB pamoja, nikaambatisha ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya muamala wa malipo. Mkopeshaji ndiye hupeleka taarifa, kwa hiyo mbane yeye kwanza.